Sahani ya Mama Leontine

Jumanne, 7 Mei

Jua tu. Mbingu nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Ni lile vumbi la Afrika, limevuka bahari nzima kuja kukaa juu ya meza yangu. Nimeifuta mara mbili na bado ningeweza kuandika jina langu kwa kidole. Tangi la mvua ukiligonga linaitikia. Nimeoga kwa kikombe.

Nimeshusha mbegu za mahindi kutoka dari ya jikoni, nikazipukuchua. Safi sana! Moshi umezifanya rangi ya chai, hakuna hata moja yenye tundu la mdudu. Basi mahindi ninayo. Mbaazi sina. Mvua ikidondoka, Anse Dorval nzima watatia mahindi na mbaazi katika shimo moja, kama tulivyofundishwa, na mimi nitatia mahindi peke yake. Watu wapite njiani waone. Ianthe Lendore analima nusu shamba!

Na chanzo ni kondoo wa Sylvan.

Nilikuwa nimeapa kutoandika tena habari za hao kondoo. Basi kidogo tu, nipumue. Hapa kisiwani Carriacou mifugo hufungwa kamba msimu wa mvua. Kiangazi, watu wakishavuna, hufunguliwa — kondoo, mbuzi, ng'ombe, kila mnyama na miguu yake mpaka mvua nyingine. Ndivyo tulivyokuta. Lakini unamngoja wa mwisho amalize! Wa mwisho nilikuwa mimi. Mbaazi za kula nilikuwa nimeshachuma, zilibaki za mbegu, zinakauka mtini. Mbaazi za marehemu Mama, zile ndogo zenye madoa. Sylvan, mdogo wangu wa tumbo moja, akafungua kamba. Jioni nikakuta vijiti. Kuja kusema pole mwenyewe, hakuja. Alimtuma mkewe Merle na mfuko wa mbegu, na mimi nikamrudisha Merle na mfuko wake.

Tangu hapo hatusemeshani. Yuko hapo tu, ng'ambo ya kilima. Nasikia nyundo yake akitengeneza mashua za watu.

Alhamisi, 9 Mei

Bi Odile amekuja kuomba pilipili. Ana mipilipili mlangoni kwake, imeinama kwa kuzaa! Nikajua kuna jambo.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Basi hujasikia." Akavuta kiti, akakaa, akatandaza gauni lake vizuri. Bi Odile hatoi habari akiwa amesimama.

Sylvan ameota. Mama amemjia alfajiri. Alisimama mlangoni pa banda la mashua, gauni jeupe, kitambaa kichwani, akasema: Sylvan, nina njaa. Nipikieni ugali na nyama ya kondoo, nile nyumbani kwangu.

"Nyama ya kondoo?" nikasema. "Mama? Mama alikuwa akisikia harufu ya kondoo anafunga dirisha!"

"Huko aliko labda wamemzoesha," akasema Bi Odile, akachukua pilipili zake akaenda zake.

Nimekaa na habari hii kutwa. Marehemu akiomba chakula, anapewa. Hilo halina mjadala, hata padri hulipita kimya kimya. Wanakusanyika ndugu na majirani wote, chakula kinapikwa uani kwa kuni, na sahani ya kwanza inawekwa chumbani kwake juu ya kitambaa cheupe. Watoto wake ndio wanaoandaa. Mlango unafungwa mpaka asubuhi, ale kwa nafasi yake. Na asubuhi anayefungua ni yule aliyeota, si mwingine. Sasa nyumbani kwake Mama ni wapi? Ni hapa ninapoandika. Geti hili. Chumba kile pale.

Kwa hiyo Sylvan ataingia kwangu kwa amri ya marehemu!

Lakini si hilo linaloniuma. Naandika wazi, hakuna atakayesoma. Nimeona wivu. Nani alimwogesha Mama alipokuwa hawezi kuinuka? Nani alimpondea muhogo, akamlisha kwa kijiko? Tangu tumzike namwita kila jioni nikifunga dirisha lake: njoo basi, hata kunikemea. Haji. Halafu anapanda kilima, na miguu ile ilivyokuwa imemvimba, anamwendea Sylvan!

Jumapili, 12 Mei

Sikukuu ya akina mama. Mlangoni pa kanisa tulibandikwa maua: mwenye mama hai jekundu, aliyefiwa jeupe. Sylvan alikaa mbele yangu, upande wa dirisha. Ua lake limepinda, linaning'inia. Nilitaka kulinyoosha. Mkono nikaukalia.

Misa ilipokwisha nikazingirwa. Cuthbert mpiga ngoma anasema ameshaloweka ngozi.

"Nani kakwambia uloweke?"

"Mvua, Bi Ianthe. Imegoma, inakungoja wewe."

Mwingine akadakia kwamba mbuzi wake sasa wanalamba mawe. Mwingine kwamba mtu mwenye njaa huko chini ya udongo hawezi kuachia mvua ipite, na mimi nimekalia geti. Kama mimi ndiye niliyeziba mbingu!

Bi Odile akanyanyua mkono. "Mwacheni. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime." Nikafikiri ananitetea. "Ila Ianthe, mwanangu, hilo jembe tulipige wapi? Kwenye huu udongo uliogeuka jiwe?"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka kwa bahati mbaya.

Jioni Verna akapiga simu kutoka Brooklyn, dada yetu wa kati. Analia. Yote ameshayasikia. Habari za Anse Dorval zinafika Brooklyn kabla ya kufika kwa jirani.

"Mtu hamnyimi mama yake chakula, Ianthe."

Nikamwambia sijamnyima mtu chakula.

"Basi unangoja nini?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumatatu, 13 Mei

Sijaota kitu.

Jumatano, 15 Mei

Nilikuwa napepeta unga geti likagongwa. Hapa hakuna anayegonga geti, watu huingia tu wakipiga kelele. Nikajua ni nani.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mwenye kondoo."

Ilibaki kidogo nicheke. Nikageukia jiko mpaka kicheko kikanipita.

Amekonda. Kofia mkononi, mvi zimemjaa hadi nyusi. Geti lilikuwa wazi lakini alibaki nje yake, vidole vya miguu vikigusa mstari wa geti.

"Dada, umesikia kuhusu Mama."

"Mji mzima umesikia. Mimi wa mwisho."

"Nilitaka nije mwenyewe nikwambie."

"Kuja mwenyewe umejifunza lini?"

Akaizungusha kofia. Nilikuwa na mengine mengi ya kumpa, nimeyapanga tangu mwezi wa pili, lakini mdomo ukauliza kingine bila ruhusa yangu.

"Alikuwaje? Alikuwa na sura gani?"

Sylvan akatazama chini. "Nzuri," akasema. "Hakuwa na maumivu tena."

Nikaingia ndani nikalia kidogo juu ya unga. Nilipotoka nikamwambia: Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, njoo na watu wako, na iwe kama inavyotakiwa. Kwa ajili ya Mama, si kwa ajili yako. Akasema ndiyo dada, ndiyo dada. Nilidhani atakaa kidogo. Akaondoka mbio kama aliyeiba kuku.

Unga wote ulikuwa na chumvi ya machozi, nimewapa kuku. Natania. Nimesonga nikala mwenyewe.

Jumamosi, 18 Mei

Msaragambo, kazi ya kijiji kizima! Kome lilipulizwa ufukweni mapema, na watu wakapanda na mapanga, majembe, ndoo za chokaa. Wanaume wamefyeka ua mpaka mbele ya kisima kikavu, wamepasua kuni za mshelisheli ulioanguka. Wanawake tumepaka chokaa mawe na ukuta wa tangi. Nyumba inang'aa, inanitia haya. Inaonekana kumbe ilikuwa chafu.

Nikasikia mtu anatembea juu ya paa la jiko. Sylvan. Ameng'oa lile bati lililooza na kupigilia jipya, hakuuliza mtu.

"Nani kamtuma?" nikamwuliza Merle.

"Hajatumwa, wifi. Huyu ukimtuma ndiyo hafanyi."

Maji ya kunywa niliyapeleka mwenyewe, kila mtu nikampa kikombe mkononi. Cha Sylvan nikakiweka juu ya ukuta. Akashuka, akakichukua, akanywa, akasema asante kwa ukuta. Bi Odile haachi kitu kipite.

"Huo ukuta una bahati," akasema. "Umepakwa chokaa, umeletewa maji. Mdogo wako angeomba awe ukuta."

Walipoondoka ua ukanyamaza ghafla. Sikujua kuwa nilikuwa nimezikosa kelele. Nimeshazoea kuku.

Jumanne, 21 Mei

Jana nimelala kitanda cha Mama. Shuka safi, sala, hata glasi ya maji nikamwekea pembeni. Nikamwambia kama ni kilima kinachokuchosha, hapa hakuna kilima.

Nimeamka na shingo imekaza. Kuota, sikuota. Godoro lile ni la kutupa.

Leo kazi ni kusaga mahindi kwa mashine ya mkono. Unga mwingi, wa kulisha pwani nzima. Bega la kulia nalo limeshirikiana na shingo.

Vumbi limepungua kidogo. Leo nimekiona kisiwa cha jirani, jana hakikuwepo.

Alhamisi, 23 Mei

Nimekwenda mjini Hillsborough sokoni, na mayai na unga wa mahindi ya kukaanga. Nilidhani nitauza, ninunue chumvi na kitambaa cheupe, nirudi. Ilikuwaje nirudi na mzigo mkubwa kuliko niliokwenda nao? Kila ninayemsalimia anauliza kama ndiyo Jumamosi hii, kisha anatia kitu kikapuni. Mkungu wa ndizi. Bizari. Samaki wekundu wawili kutoka kwa mvuvi ambaye sijui hata jina lake, anasema Mama alikuwa akimpa maji ya kunywa alipokuwa akipita na punda. Nazi. Nimezikataa nazi, nazi ninazo, nikapewa kwa nguvu.

Hao samaki nimewapokea kwa mikono miwili. Mama atakula samaki. Sylvan na ndoto yake ya kondoo! Nitaweka vyote viwili, achague mwenyewe.

Ijumaa, 24 Mei

Merle alikuja asubuhi na gunia la mbaazi kichwani. Mbaazi zao. Nilipofungua nikaona madoa, mbegu ile ile ya Mama. Tukakaa chini kwenye mkeka, ungo huku na ungo huku, tukachagua.

Merle si msemaji. Tulichagua mbaazi, tukachagua mchele, jua likapanda. Ndipo akasema, macho kwenye ungo:

"Wifi, mimi sijui maneno. Lakini siku ile tuliona moshi."

"Siku ipi?"

"Ya kondoo. Sylvan alikuwa anakungoja. Kila asubuhi anapanda pale juu kutazama shamba lako, anarudi, anasema bado, Ianthe bado. Siku ile akarudi akasema, Ianthe ameshachoma mabua, moshi unapanda. Ndiyo akafungua."

Mikono yangu ikasimama.

Hapa mtu akimaliza shamba hukusanya mabua akayachoma. Moshi ukipanda shambani, umesema: nimemaliza, fungueni. Hakuna anayetuma mtu kuulizia, moshi unatosha. Na mimi siku ile niliwasha makumbi ya nazi! Makumbi mabichi, kufukuza usubi waliokuwa wananila masikio nikipalilia chini ya mibaazi. Naukumbuka moshi wenyewe. Mzito, mweupe, ulisimama wima kwa sababu hakukuwa na upepo. Halafu nikaenda kula.

"Aa," nikasema. Hilo tu. Nikaendelea kuchagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Baadaye nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Angekwambiaje? Nilikuja na mbegu, nikiwa na hayo maneno mdomoni, ukanifukuza kabla sijaweka mfuko chini. Unayajua maneno yako, wifi."

Nayajua.

Miezi yote hii nimemwita mla mbegu za mama yake. Nimemwita hivyo mbele ya watu, dukani, kwenye foleni ya feri. Na kumbe mwenzangu alikuwa anapanda kilima kila asubuhi kunitazamia. Aibu imenishika mpaka masikio yamewaka. Kesho nitamwambia. Wapi sasa, mbele ya masufuria? Kesho nitajua wapi.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika kwa kuiba, jua linazama na ngoma ziko nje. Nimesema nakuja kutafuta shali.

Siku gani hii! Kuni ziliwaka tangu alfajiri, masufuria yamepanga mstari juu ya mawe, na Bi Odile na mwiko wake kama askari wa barabarani. "Wanaume, geuzeni hiyo nyama, haitajigeuza kwa kutazamwa! Cuthbert, toa pua yako kwenye sufuria, hiyo si ngoma!" Ugali ulisongwa kwa makasia, makasia ya mashua kabisa, yaliyooshwa kwa maji ya moto. Sylvan kasia moja, Cuthbert jingine, jasho linawatoka. Sisi tukaufinyanga kwa kata mpaka ukawa mabonge ya mviringo, tukayapanga juu ya majani ya mgomba. Mbaazi zimeungwa kwa tui. Nyama imepikwa na bizari mpaka mfupa umeachia. Watu wametoka pwani yote. Hakuna aliyealikwa na hakuna ambaye hakualikwa. Ramu na maji vikamwagwa kwenye pembe za ua, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikasikia watu wanalitaja jina zima: Leontine Lendore. Leontine, njoo ule.

Alasiri tukaingia chumbani mwake, mimi na Sylvan, mlango ukarudishwa nyuma yetu. Hatujawahi kuwa chumba kimoja tangu Krismasi. Kitambaa cheupe: mimi pembe hizi, yeye pembe zile. Upande wake kinajikunja, akakilainisha kwa kiganja, kiganja chenyewe kimejaa lami ya mashua. Nikaweka ugali, mbaazi, nyama ya kondoo. Nikaweka samaki. Alimwona samaki, akasogeza nyama kumpa nafasi. Maji. Kikombe cha ramu.

Nilikuwa nimeandaa maneno, maneno mazuri, yenye heshima. Yakapotea.

"Ule moshi ulikuwa wa makumbi," nikasema.

Akanitazama.

"Usubi walikuwa wananila. Nikawasha makumbi. Sikuchoma mabua. Hukukosea, Sylvan, mtu yeyote angefungua. Mimi ndiye niliyekupa moshi, kisha nikakutukana. Nisamehe, mdogo wangu."

Nilitegemea acheke. Sylvan ni mtu wa kucheka, angalau aseme: ona sasa! Badala yake akakaa juu ya kitanda cha Mama, uso akaufunika kwa kofia.

"Usiniombe radhi," akasema ndani ya kofia. "Dada, leo usiniombe radhi."

"Kwa nini leo?"

"Twende nje. Watu wana njaa."

Tukatoka. Nikafunga mlango, ufunguo nikautia kifuani, hiyo kazi ni ya mwenye nyumba. Tumekula. Nyama ya kondoo tamu, lazima niseme ukweli. Kisha Cuthbert na wenzake wakakaa na mapipa yao ya ramu yaliyowambwa ngozi ya mbuzi, wanawake wakaingia duarani wameshika pindo za sketi. Hata mimi nimezunguka. Watoto wa Sylvan wananiita shangazi huku na huku kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Verna yumo kwenye simu ya Merle, anacheza peke yake jikoni kwake Brooklyn na aproni.

Sylvan hachezi. Amekaa ukingoni mwa tangi, na kila akiutazama mlango wa Mama anageuza uso. Sijui kama nimekosea kusema leo. Hata hivyo nimefurahi. Naandika: nimefurahi. Tumbo limejaa na kifua chepesi.

Wananiita. Shali liko hapa begani, lilikuwa hapa muda wote.

Jumapili, 26 Mei

Kumekucha, na naandika nimesimama, daftari juu ya kinu.

Wengi wamelala uani kwenye mikeka. Nilikuwa jikoni nachemsha chai ya kakao kabla hawajaamka. Sylvan akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Dada, mimi sifungui ule mlango."

"Aliyeota ndiye anayefungua."

"Ndiyo maana sifungui."

Nikaendelea kukoroga. Nilishajua, na bado nikaendelea kukoroga.

"Sikuota," akasema. "Mama hakuja. Nilikuwa natazama geti lako na sioni njia. Merle ulimrudisha. Padri nikamwendea, akasema wakati utaponya. Wakati gani? Mvua iko njiani, tutapanda kila mtu kivyake, halafu ndiyo itakuwa hivyo hivyo mpaka tufe. Nikawaza, mimi atanikatalia. Mama hatamkatalia."

"Umemsingizia marehemu!"

"Nimemsingizia."

"Na nyama ya kondoo?"

"Kondoo ndio waliokula mbaazi zako. Nikaona na wao waliwe." Akafuta pua kwa mkono. "Ningenyamaza. Nilikuwa nimekwisha kata shauri kunyamaza. Lakini jana umeniomba radhi mbele ya sahani yake."

Ilinipasa nimpige na mwiko. Niliushika kabisa. Lakini kilichonijia kwanza, Mungu anisamehe, ni furaha. Hakumwendea Sylvan! Hakunipita mimi akamwendea yeye! Nikabaki na furaha hiyo kama pumzi mbili. Kisha nikaelewa maana yake. Basi hajaja kabisa. Hajaja kwa mtu yeyote. Nikakaa chini kwenye kigoda.

"Mimi pia sijawahi kumwota," nikasema. Sijawahi kumwambia mtu neno hili. "Hata mara moja. Nimelala kitandani kwake nikimngoja, nikapata shingo."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Nimemwona Sylvan akilia mara nyingi, ni mdogo wangu, lakini si hivi. Nikamshika kichwa. Kakao ikafurika ikazima moto, hakuna aliyejali.

Sasa wameamka. Watoto wamebanana mlangoni pa Mama, kwa sababu ukifunguliwa chakula cha marehemu ni chao kugombania, na wale wakubwa wameshaanza kuwasukuma wadogo. Cuthbert amepiga ngoma ya kuita. Merle ameinua simu, Verna anataka kuona. Na Bi Odile, sauti yake inapita kuta: "Mwenye ndoto yuko wapi? Marehemu ameshashiba, sisi ndio tuna njaa!"

Sylvan anasema tuwaambie ukweli. Kisha anasema tusiwaambie, wamepika siku nzima, wamecheza. Kisha tuwaambie. Nimemwacha aseme, ndipo nilipochukua daftari, labda kalamu ingejua. Haijui. Aliyeota ndiye anayefungua, na humu jikoni hakuna aliyeota. Kuna sisi wawili na ufunguo, na ufunguo umepata joto la kifua changu.

Wanaita tena. Sasa wanaita majina yote mawili.

Nimemwambia anawe uso, tunatoka pamoja. Ameniuliza tutasema nini. Nimemwambia anawe uso kwanza.